Historia ya Marehemu Onchiri Motari, Nyapara wa Mitaro na Makaburi ya Mji

Mchungaji wetu, waheshimiwa madiwani, wazee wa mji, majirani na jamaa wote, mimi ni Monari Motari, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo karani wa baraza aliniomba asubuhi ya leo niyaruke.

Marehemu Maurice Onchiri Motari alizaliwa tarehe 14 Septemba 1946 huko Nyaribari, wilaya ya Kisii, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Motari na Mama Bitutu, wote wawili marehemu. Alianza shule mwaka 1956 akamaliza darasa la nane mwaka 1963, na walimu walimsifu kwa hesabu, lakini nyumbani sifa yake ilikuwa nyingine, kwa maana kila mvua ikinyesha alichimba vijifereji uwanja mzima ili aone maji yatapita wapi, na Mama Bitutu alimchapa sana kwa ajili hiyo.

Mwaka 1967 alikwenda Migori akawa kibarua wa barabara, na tarehe 3 Machi 1979 akaajiriwa na baraza la mji wetu huu, akapanda hadi kuwa nyapara wa kazi zote za mji, yaani maji, mitaro, barabara ya soko, vyoo na makaburi. Tarehe 6 Desemba 1970 alikuwa amefunga ndoa na Priscah Kemuma, binti wa Mzee Ongeri wa Bobasi, wakajaliwa watoto watatu, Machuki, Mong'ina, na kitinda mimba wao Lynnet Bochaberi, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1989.

Mji huu haujawahi kuwa na uwezo, hilo tunalijua sote, na kaka yangu aliuendesha jinsi mama mjane anavyoendesha jiko lake. Mapipa ya mafuta yaliyotoboka yalikuwa makalvati yake, mipira ya baiskeli ilifunga mabomba yaliyopasuka, maji yalifunguliwa leo upande wa juu na kesho upande wa ziwani, na chochote kilichobaki kwenye kazi moja kilipelekwa kwenye kazi nyingine, hakuna kilichotupwa. Tuliipenda tabia hiyo, tukamsifu kwayo, na ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mwezi wa Agosti 1996 baraza liliazimwa tingatinga la kuchimba kutoka wilayani, la siku chache tu, na marehemu akachimba nalo mtaro mkubwa wa kutoka sokoni hadi ziwani, ule uliouokoa mji wakati wa mvua za El Niño. Kazi ilipokwisha, dizeli ilibaki kidogo kwenye tangi, na madiwani wakaona ni hasara kuirudisha. Makaburi ya mji, ambako huzikwa wasio na jamaa na wale ambao jamaa zao hawawezi kuwasafirisha, yana ardhi ngumu sana wakati wa kiangazi, kaburi moja huwatoa vibarua kwenye mabomba kwa siku nzima na zaidi, kwa hiyo ikaamuliwa tingatinga lichimbe makaburi kabisa, yangoje. Yakachimbwa sita, na la sita likagonga mwamba, dizeli ikaisha, likabaki fupi. Udongo uliotoka humo marehemu aliutandaza kwenye mashimo ya barabara ya soko, kwa sababu kwake hakuna kilichotupwa.

Mama Phelesia, muuza omena ambaye duka lake linatazamana na makaburi, alikwenda kumwona siku ile ile, akamwambia, "Fundi, kaburi haiachwi wazi. Ikikosa mtu inapewa yago, inafunikwa." Yago ni lile tunda refu zito la porini, ambalo watu wa ziwa humzikia mtu aliyepotea majini asionekane. Kaka yangu alicheka kwa upole, akamjibu kwamba sisi Wasabato tunamwogopa Mungu, hatuogopi shimo. Mama Phelesia akasema, "Sawa, lakini hiyo shimo haijui kanisa yako."

Wa kwanza alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Remba aliyeletwa na mawimbi, asiyejulikana jina, na hakuna aliyeshangaa. Wa pili alikuwa mlinzi wa josho la ng'ombe, kisha mshona viatu wa karibu na posta, kisha yule mwenye bucha, mtu mnene kuliko wote hapa mjini, naye akapata lile ambalo tingatinga lilikuwa limeteleza likalipanua, na wa tano akafuata. Mwaka haujaisha, matano yalikuwa yamejaa, katika makaburi ambayo zamani yalimpokea mtu mmoja kwa mwaka, na mara zote jeneza liliingia bila mtu kuongeza pigo moja la jembe. Likabaki lile fupi.

Hapo ndipo mji ulianza kuogopa, na mimi mwenyewe niliogopa. Watoto walipelekwa shule kwa njia ya mzunguko, wengine wakahamishiwa kwa nyanya zao, na akina mama pale bombani walianza kuwapima watoto wao kwa macho. Marehemu aliomba ruhusa ya kulifukia, akajibiwa kwamba udongo uko barabarani, na barabara ya soko haiwezi kuchimbwa ili kujaza shimo lisilo na mtu. Mvua za El Niño zilipokuja mwisho wa mwaka 1997, makaburi yote yalikuwa ziwa, misalaba ikielea, lakini lile shimo fupi lilikuwa kavu, nami nililitazama kwa macho yangu, vumbi likiwa ndani.

Mwezi wa Januari 1998 Lynnet alishikwa na malaria iliyopanda kichwani, akalazwa hospitali ya Homa Bay bila fahamu, naye alikuwa na umri wa miaka minane. Marehemu alimwacha shemeji yangu Priscah kando ya kitanda cha mtoto, akarudi mjini, akachukua mtaimbo wa baraza, na saa sita za mchana, soko likiwa limejaa, akaingia makaburini peke yake akaanza kuuvunja ule mwamba. Vibarua wake walitaka kumsaidia akawakataza. Alivunja hadi jua lilipoanza kupoa, kisha Mama Phelesia akamwona akishuka, akilala chali, akinyoosha miguu, akitoka, akiongeza kidogo upande wa kichwani, na akilala tena. Halafu akajipangusa, akarudisha mtaimbo stoo.

Lynnet alifungua macho kesho yake, akaomba uji.

Mwezi wa Machi marehemu alianza kulalamika kifua. Madaktari walimpima, wakampa dawa, hawakuona ugonjwa wenye jina, naye hakuonekana kuhangaika, akaendelea kuzibua mitaro hadi alipoishiwa nguvu, na tarehe 22 Mei 1998 akafariki katika hospitali ya Homa Bay, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Sisi Abagusii hatuachi mtu wetu ugenini, na mimi nilikuwa nimeshapata gari la kumpeleka Nyaribari, kando ya baba. Lakini alimwambia mkewe maneno mawili tu juu ya jambo hili, kwamba tukimbeba, shimo litabaki wazi, na kwamba sasa halichagui mtoto wala mtu mzima. Mimi sijaridhika, nasema wazi, nimelia na nimegomba, ila nimewatazama watoto wa mji huu, nimerudisha gari.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay, vibarua wa baraza, waumini, Mama Phelesia aliyempikia mgonjwa kila Ijumaa kabla ya Sabato, na kila nyumba iliyoleta beseni la udongo kutoka uwanjani kwake, kwa kuwa baraza halina udongo wa kufukia. Waheshimiwa, tunasikia tingatinga linarudi mwezi wa Agosti, tunawaomba dizeli ikibaki, ibaki.

Lynnet atamwaga beseni la kwanza. Pumzika kwa amani, ndugu yangu, mahali ulipojipimia mwenyewe.