Mshale Chini ya Dawa

Benchi lile ni mbao mbili zilizolazwa juu ya matofali, nalo limeelekeana na zahanati yenye milango miwili, kiasi kwamba aketiye hapo hana namna ya kutoona nani ameingia wapi. Asubuhi ile walikuwapo wanne. Alikuwapo Brashi, mchora mabango, mwenye rangi chini ya kucha tangu ujana. Alikuwapo Kipimo, fundi cherehani, ambaye utepe wake haumtoki shingoni. Na Muhuri, karani mstaafu, asiyeweza kuomba sukari bila kutaja sababu. Wa nne alikuwa Mzee Silabi, mwashi wa zamani, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini na mmoja, kwa madaftari ya mjukuu wake, na hata sasa husoma kwa kidole. Birika la kahawa lilikuwa katikati yao. Bango lilikuwa ng'ambo ya barabara, limetundikwa usawa wa kichwa, ukutani kati ya milango miwili.

Bango lile lilizaliwa benchini hapo, wiki moja kabla. Sista mkuu alikuwa amemwagiza Brashi jambo dogo tu: wafuatao dawa waelekezwe mlango wa kushoto, wenye watoto wa chanjo waende wa kulia. Brashi akalilaza bango juu ya magoti yake, na kijiwe kikaona haya kumwacha afanye kazi peke yake. Muhuri akatoa salamu, KARIBUNI SANA, iandikwe kubwa na itiwe kivuli, kisha akaongeza wasia wa maneno tisa juu ya thamani ya afya. Kipimo akaona kingo ziko uchi, akashauri darizi ya maua kuzunguka pande zote na mstari mwingine wa maua chini ya wasia. Brashi aliposema nafasi inakwisha, Kipimo alimtuliza kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilijaa kweli. Neno Dawa na neno Watoto yalipata pahala chini kabisa, moja juu ya jingine, kila moja na mshale wake.

Jana watu kumi na mmoja walikosea mlango. Sista aliwahesabu. Alivuka barabara mwenyewe, akamwambia Brashi kwamba amempa hadi saa nne ya leo. Ikiwa watu bado wanapotea, bango litashuka, na kazi ya vibao vya milango saba ya ndani itapelekwa kwenye duka linalochapa mabango kwa mashine. Tangu duka hilo lifunguliwe, Brashi alikuwa hajachora zaidi ya nambari kwenye mageti.

Sasa saa tatu ilikuwa imepita, na kijiwe kilikuwa kikitafuta mkosaji.

Muhuri alianza kwa kusema kosa ni la maua, kwa sababu jicho la mgonjwa hudhani limefika bustanini likapumzika. Kipimo akajibu kuwa hakuna mtu aliyewahi kupotezwa na ua. Kilichowapoteza ni wasia, maana mtu akishamaliza maneno tisa amekwisha kusahau alikuja kutibiwa nini. Muhuri akakasirika kwa utaratibu. Alisema wasia ule umepita mikono mingi benchini hapa, na penye wazee hapaharibiki neno.

— Basi herufi, alisema Kipimo. Brashi, herufi zako zina mikia. Mtu anaifuata mikia anaishia kulia.

— Herufi zangu hazina kosa, alisema Brashi. Kizuri chajiuza.

— Mbona hakijauzika jana kwa watu kumi na mmoja?

Brashi akaangalia ndani ya kikombe.

Hapo nadharia zikaota mbawa. Kipimo alidai kuwa binadamu hukatwa kama kitambaa, kwa mshazari, hivyo akisimama mbele ya milango miwili lazima avutike upande wa mkono wa kulia. Muhuri akalipeleka mbali zaidi: homa hugeuza macho, kushoto kukaonekana kulia, na dawa ya tatizo hili ni kulitundika bango kinyumenyume kwa ajili ya wagonjwa, na lingine wima kwa ajili ya wazima. Alipoulizwa mgonjwa atajuaje lipi ni lake, alisema ndiyo maana kunatakiwa bango la tatu.

Mwishowe wote wawili walipatana, kama wapatanavyo siku zote wanapopata mtu asiyekuwapo. Kosa ni la wale kumi na mmoja.

— Hawajui kusoma, alisema Muhuri. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Wangemuuliza Mzee wetu hapa, alisema Kipimo. Kaanza uzeeni na bango kalisoma. Si ndiyo, Mzee?

Mzee Silabi aliitikia kwa kidevu. Kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Jana alikuwa amefuata dawa zake za presha. Alisimama mbele ya bango, akapitisha kidole hewani, akaingia mlango wa kulia, na akakaa saa nzima kati ya wanawake wenye watoto wachanga. Mmoja alimwuliza kwa upole, mtoto wako yuko wapi, babu? Alijibu kwamba anamngoja mtu. Alitoka bila dawa, na usiku hakumwambia mjukuu wake, maana mjukuu ndiye aliyempa kusoma, na alihisi amekirudisha kitu cha watu kikiwa kimevunjika.

Wakati huo mwanamke aliyeshika karatasi ya daktari alisimama mbele ya bango. Aliliangalia kwa muda, akaangalia milango, akaliangalia tena, kisha akavuka barabara.

— Shikamooni wazee. Samahani, dawa wanatolea mlango upi?

Muhuri alifungua mdomo akamtazama Kipimo. Kipimo akamtazama Brashi. Brashi alisimama nusu, akakodolea bango lake mwenyewe, akakaa. Kwa wiki nzima walikuwa wamejadili kivuli cha salamu, na hakuna aliyekumbuka dawa iko wapi.

— Wa kushoto, mwanangu, alisema Mzee Silabi. Wa kulia nimekwisha kuupangia foleni jana. Mimi ni mmoja wa wale kumi na mmoja.

Mwanamke akashukuru, akaenda. Benchini hakuna aliyecheka.

Brashi aliinuka, akatoa chaki mfukoni.

— Twende, Mzee. Nisomee kama ulivyosoma jana. Usinionee huruma.

Walivuka pamoja. Mzee Silabi akaweka kidole juu ya salamu, akakishusha kwenye wasia, silabi kwa silabi, akaingia kwenye maua akatoka, akafika kwenye Dawa. Kila mahali kidole kiliposimama, Brashi alitia alama ya chaki. Kisha kidole kikateremka kutoka Dawa hadi kwenye mshale uliokuwa chini yake, nao ulielekea kulia.

— Huo ni wa watoto, alisema Brashi taratibu. Wa dawa uko juu ya neno.

— Juu naona maua.

Brashi akasogeza uso karibu. Mshale wake ulikuwamo mle, kati ya petali mbili, kama uzi kwenye zulia.

— Mimi nimejenga miaka arobaini, alisema Mzee Silabi. Mlango ni pale ulipoacha kupanga matofali.

 Brashi alileta kopo la rangi nyeupe, akaanza juu. Salamu ilikwenda, wasia ukaifuata, na Muhuri akavua miwani ili asishuhudie. Kipimo alivuka kuomba walau ua moja la pembeni. Akarudi bila ua. Brashi akaandika neno Dawa upande wa kushoto na mshale umeligusa, neno Watoto upande wa kulia na mshale umeligusa, na kati yao akaacha weupe mtupu wa upana wa mikono miwili.

Saa nne sista alitoka. Alikuta rangi mbichi, akauliza mbona bango limebaki tupu. Kabla hajajibiwa, mzee mmoja mwenye karatasi alikuja kutoka kona, akainua macho, akageukia kushoto akaingia. Mzee Silabi alikuwa akizihesabu hatua za mgonjwa huyo. Hazikusimama hata mara moja.

Sista akavuka nao hadi benchini, akaweka karatasi kando ya kikombe cha Brashi, akarudi kazini. Ilikuwa na majina ya milango saba. Muhuri akavaa miwani, akanyoosha mkono aone kama kuna neno la kuongeza. Brashi akaikunja, akampa Mzee Silabi aitie mfukoni.