Mbata ya Bibi wa Zinga

Ndugu zangu katika Bwana, jina lake litukuzwe, hata kwa kinywa cha mtu anayetetemeka kama mimi!

Swali lililoninyima usingizi tangu masika ni hili: Mungu ninayemwimbia Jumapili, Jumatatu huwa yuko wapi? Nililigeuza kila upande. Nikijiambia yuko ghalani kazini pamoja nami, naogopa. Nikijiambia hayuko, naogopa zaidi.

Mnanijua. Mimi ndiye kijana wenu wa Makurunge niliyerudi kutoka shule ya misheni na cheti mkononi. Baba hayupo, mama na wadogo zangu wanne wanakula kwa kazi yangu. Nilipopata ukarani kwenye ghala la mbata kule Dunda, mlinipigia vigelegele humu humu kanisani.

Kazi yangu ilikuwa kupima ukavu. Mkulima analeta magunia ya nazi alizozikausha. Nachukua kipande cha mbata, nakivunja mbele yake. Kikikatika kwa mlio, ni kikavu. Kikipinda, bado kina maji, na bei inashuka. Ni hivyo tu. Lakini tajiri wangu alikuwa na desturi yake: akikohoa, mimi niseme ina maji, hata kama imelia kama ukuni.

Ndugu zangu, nilisema! Nilisema kila alipokohoa! Kisha nikikaa peke yangu najitetea: ni nazi gani duniani isiyo na unyevu hata kidogo? Nani aliyeweka mpaka? Elimu ile niliyopewa nikaigeuza mwavuli wa shetani! Na kadiri nilivyodanganya ndivyo nilivyoomba kwa maneno marefu zaidi, mpaka wazee wa kanisa wakanisifu kwa sala zangu.

Basi akaja Bi Mwanaidi, mjane wa Zinga, na magunia mawili juu ya punda wa jirani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kivunje wewe mwenyewe. Nimewapita wanunuzi wawili njiani nije kwako. Nyie watu wa misheni, nasikia mmekatazwa kusema uongo."

Nikavunja. Kikalia. Tajiri akakohoa.

"Ina maji, bibi."

Wachukuzi wa ghalani wakacheka chini chini. Mmoja wao, Pazi, akaniuliza, "Karani, leo maji yamefika wapi? Magotini au kiunoni?"

Bibi hakucheka. "Nimeianika siku nane, jua lote lile," alisema. Akakitazama kile kipande, akanitazama mimi. "Haya. Wewe umesoma. Ukisema ina maji, basi ina maji." Akayafunga magunia yake, akarudi nayo Zinga akaikaushe tena.

Wiki ile jua halikutoka. Bibi akaipandisha mbata kwenye uchaga jikoni kwake, akachochea moto chini ili aondoe maji ambayo hayakuwamo. Mnajua wenyewe mbata kavu ilivyo na mafuta. Ilishika moto, makuti ya paa yakafuata. Alipoingia kuokoa gunia, aliungua mikono yote miwili, na jiko likateketea.

Pazi ni mwenyeji wa Zinga. Ndiye aliyeniletea habari. "Karani, yale maji yako yamewaka." Safari hii hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, tangu siku ile sikuwa mtu. Niliandika barua ya kuomba radhi, nikaichana, maana bibi hajui kusoma. Nikaandika nyingine ili mtu amsomee, nikaichana, maana huyo msomaji angejua. Nikajiuliza: nikikiri, Waislamu wa Zinga watasemaje juu ya Kristo? Mama atakula nini? Mara mbili niliifuata barabara ya Zinga, na mara mbili niligeuka nikarudi, nikijiambia kwamba nitakwenda nikishajipanga vizuri. Nilikuja hapa kuimba, na kila neno la wimbo likawa kama mchanga kinywani. Niliona Mungu ameniacha, na niliona ana haki.

Jumapili iliyopita, katikati ya sala, nilikuwa naomba msamaha kwa maneno yangu mazuri kama kawaida. Ghafla nikanyamaza. Nilikuwa nimemwomba Mungu mara nyingi mno, lakini mikono iliyoungua ni ya bibi.

Jumatatu nikaenda ghalani. Mkulima wa kwanza akaleta mbata, nikavunja, ikalia. Tajiri akakohoa. Nikasema, "Ni kavu." Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikasema, "Tajiri, ni kavu, na ya Bi Mwanaidi ilikuwa kavu." Kabla ya adhuhuri sikuwa na kazi.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja Zinga, nikiogopa kusimama nisije nikaanza kuwaza. Nilimkuta bibi barazani, mikono imefungwa vitambaa, mwanawe wa kiume kando yake. Nikapiga magoti. "Bibi, nilikudanganya. Mbata yako ilikuwa kavu."

 Bibi akauliza, "Nani mwingine alijua?"

"Tajiri. Na wachukuzi."

"Kumbe pale walijua wote, isipokuwa mimi."

 Mwanawe aliniambia niondoke kabla hajanipiga. Bibi hakunitetea, wala hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema. Nikamwambia yule kaka, "Nipige, lakini nipe jembe. Jiko nitalijenga." Akanitazama sana, akanionyesha udongo ulipo.

Ndugu zangu, mama hajanisemesha tangu siku ile. Sijui tutakula nini mwezi ujao, na siwezi kuwadanganya kwamba nina amani tele. Lakini namshukuru Bwana, maana swali langu limejibiwa. Alikuwapo ghalani kila nilipovunja mbata! Nawe unayeuza, unayepima, unayeajiriwa, na unajua kikohozi cha tajiri wako, mtumainie Bwana huyo leo, kabla mtu hajaungua.

Nimejenga ukuta mmoja. Kesho alfajiri nakwenda kuanza wa pili.