Kibao Ambacho Munyao Hakumpa Mwingine

Wazazi, majirani, na nyinyi watoto mlioketi pale chini, tunawasomea maisha ya Munyao, mwana wa Musyoka na Loise, nayo ni mafupi, hata karatasi haikujaa.

Munyao alizaliwa tarehe 14 Aprili 1955 kule Masii, Machakos, akachelewa kusema hadi watu wakanong'ona kwamba ni bubu, na nyanya yake akawajibu, "Mwacheni, anachagua la kuanza nalo." Mwaka 1961 baba yake aliletwa Garissa kutengeneza malori, jamaa yote ikahamia hapa, na yule bubu wao akaokota Kisomali uwanjani upesi hata akawa mkalimani wa mama yake sokoni, wauza maziwa wakicheka, "Huyu Mkamba tumezaa sisi!"

Alianza darasa la kwanza Januari 1962, akaipenda shule, lakini vita vilipoingia mjini viliingia na darasani, mwalimu mkuu akasema Kisomali ni lugha ya shifta, wale waasi wa porini, akachongesha kibao kilichoandikwa "Mimi ni punda", mtoto akinaswa akisema Kisomali anavishwa shingoni, naye hukivua kwa kumnasa mwenzake, na anayebaki nacho kengele ya jioni ikilia huchapwa.

Tarehe 7 Novemba 1966 Munyao alimwita rafiki yake Jelle aje wacheze mpira, "Kaalay!", yaani njoo, neno hilo tu, akavishwa. Akawasikia wenzake wakinong'ona Kisomali pande zote, na nani angewasikia kumshinda yeye, lakini akajifanya kiziwi, akachapwa, na kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Jelle alimfuata, "Nibe mimi, walaal, ndugu yangu, mgongo yangu imezoea," akakataa. Nyumbani, nyanya yake akimkanda kwa maji ya chumvi, alimsihi, "Mpe mwingine, mjukuu wangu, watakumaliza," naye akasema, "Susu, leo aliyesema ni Qali, na Qali hata meno ya mbele hana, nimpe kweli?" Baba yake alikwenda shuleni, kofia mkononi, akaambiwa na mwalimu mkuu, "Nyumbani ni wako, hapa ni wangu," akarudi, akakaa, chakula hakukigusa.

Kazi hakuwahi kufanya, mke hakuoa, watoto hakuacha, tunayasoma haya kwa sababu husomwa.

Tarehe 16 Novemba taya zake zilikaza, hospitalini wakasema ni pepopunda, imeingilia kwenye vidonda vya fimbo, na mtoto aliyepigwa kwa ajili ya neno moja akawa hana neno, si la Kikamba, si la Kiswahili, si la Kisomali, macho tu yakimtafuta mama yake. Alifariki alfajiri ya tarehe 19, na kwa kuwa barabara imefungwa, tunamlaza hapa, mbali na mji wa babu zake.

Tunamshukuru daktari, ambaye hakutuficha, na Khadijo, mama yake Jelle, aliyekuwa akimdondoshea maziwa ya ngamia kwa kitambaa kupitia pengo la jino, akisema, "Meza, mwanangu, meza kidogo tu," na majirani waliochimba kaburi pamoja nasi, Wakristo na Waislamu, na wafanyakazi wenzake hakuwa nao, kwa hiyo tunawashukuru wanafunzi wenzake.

Jana shuleni walimtuma mtu kudai kibao, tukamwambia kimo mle sandukuni, Munyao amekwenda nacho ili kisimfikie mwingine, naye akatikisa kichwa akasema haidhuru, fundi atachonga kingine kabla ya Jumatatu.

Basi nyinyi watoto, Jumatatu nyamazeni, maana sisi wakubwa tumeshindwa kuwatetea, na wewe Munyao, pumzika kwa amani, na huko uendako ukisikia wanakuita "Kaalay", itika, baba, itika kwa sauti.