Risala ya Familia za Wazee Wanaosahau, Kalemie, kwa Mama Ministri wa Afya

Mgeni rasmi, Mama Ministri wa Afya wa provensi yetu, karibu sana. Umepanda kilima chetu kwa miguu kwa sababu mvua imeharibu barabara. Tumeona, na tumefurahi.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulizaliwa kwa ajili ya Mama Agathe. Wengi tulioketi hapa alitupokea kwa mikono yake tulipozaliwa, maana alikuwa mzalishaji kwenye maternite ya kartiye hii hadi alipostaafu. Kisha akaanza kuuliza neno moja mara kwa mara. Chumvi aliiweka kwenye chai. Binti yake, Émérence, alidhani ni uzee tu.

Asubuhi moja Mama Agathe alimwokota mtoto mchanga wa jirani kwenye mkeka, akamfunika kikwembe chake, akaondoka naye. Mama wa mtoto alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba. Vijana walimfikia Mama Agathe karibu na soko.

"Mulozi! Anaiba mutoto!"

Mawe yalikuwa tayari mikononi. Émérence, aliyekuwa akimtafuta, alijitupa juu ya mama yake, akamkinga kwa mgongo. Ndipo mama wa mtoto akafika mbio, anahema.

"Mama, unamupeleka wapi mutoto wangu?"

"Kwenye mizani," akajibu kwa upole. "Leo njo siku yake ya kupimwa. Na alikuwa na baridi."

Mtoto alikuwa amelala. Mama yake aliwageukia vijana: "Tupeni hayo mawe chini. Huyu mama ni mugonjwa."

TULIYOJIFUNZA

Daktari Josias alimpima, kisha akakubali kuja kutueleza sisi sote. Alisema ugonjwa huu unaitwa Alzheimer. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo inayopokea mambo mapya na kuyatunza. Mara nyingi ugonjwa unaanzia huko, miaka mingi kabla hatujaona dalili. Takataka za protini zinajikusanya kati ya seli, na nyuzi zilizo ndani ya seli zinajisokota. Seli zinaacha kupashana habari, zinakufa, na sehemu ile inasinyaa.

Émérence akauliza: "Mbona chakula cha leo anasahau, lakini kazi ya zamani anaikumbuka?"

"Ya leo hayapati pa kukaa," daktari akasema. "Ya zamani yalishakaa sehemu nyingine za ubongo. Yatabaki kwa muda, kisha nayo yataguswa."

Émérence alilia. Alikuwa amemgombeza mama yake sana, akidhani anafanya kusudi.

TUNAYOFANYA

Tunatembeleana. Mmoja akichoka, mwingine anakaa na mzee wake ili apate kulala. Tumezungumza redioni, na familia zimetufuata hata kutoka Kabimba. Vijana wa soko walikuja kwa Mama Agathe kuomba msamaha. Aliwakaribisha chai, hakujua kosa lao.

YANAYOTULEMEA

Bado wazee wanafungishwa njaa kwenye vyumba vya maombi ili pepo litoke. Bado wengine wanafukuzwa nyumbani mwao. Dawa ya kuponya haipo, tunajua. Lakini jina la ulozi linaua kabla ya ugonjwa.

TUNAYOOMBA

Tunaomba wauguzi wafundishwe kuutambua ugonjwa huu mapema. Tunaomba wakuu wa avenyu, wanaosimamia mitaa yetu, na wachungaji wasikie kutoka kinywani mwako kwamba ni ugonjwa wa ubongo. Na tunaomba chumba kimoja, wazee wetu washinde humo mchana wakiwa salama.

Mama Ministri, mimi ninayesoma risala hii naitwa Nadine. Mtoto yule ni wangu. Sasa anatembea, na yule pale mbele aliyempakata ni Mama Agathe. Ukishuka hapa jukwaani, tafadhali umsalimie. Atakuuliza jina lako, na kabla hujaondoka atakuuliza tena. Umjibu kama vile ndiyo mara ya kwanza.

Mungu akulinde njiani, na awape wazazi wako uzee wenye watu karibu.

Ni sisi, Umoja wa Familia za Wazee Wanaosahau, Kalemie.