Stellamaris Kapinga Hakuridhia

Baba Padre, majirani wa Kongowe, ndugu mliotoka Mbinga na ninyi mliotoka Kisarawe tangu alfajiri, na wageni wetu wa maofisini, mimi ni Bernard Kapinga, mdogo wake wa mwisho marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na jana kuna mtu alinipigia simu akaniomba niyasome kwa kifupi, niache habari za barabara, nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Sitaziacha.

Marehemu Stellamaris Kapinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Maguu, wilayani Mbinga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Wilfred Kapinga na mama Skolastika Hyera, ambao wote wametangulia mbele ya haki, akabatizwa hukohuko Maguu akiwa na wiki tatu, na akalelewa katika nyumba ya wakulima wa kahawa ambamo mtoto wa kike alikuwa na kazi nyingi na maneno machache, ingawa yeye hilo la maneno machache halikumkaa kamwe.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 kijijini hapo, akamaliza la saba mwaka 1975, akachaguliwa kwenda sekondari mjini Songea, alikohitimu kidato cha nne mwaka 1979, na wakati wasichana wenzake wengi walipelekwa ualimu na uuguzi, yeye aliomba kusomea uchoraji ramani, akaambiwa kwenye usaili kwamba hiyo ni kazi ya kuinama mezani kutwa nzima na kalamu ya wino ambayo ukikosea haifutiki, akajibu kwamba ndiyo sababu anaitaka, akaenda Tabora mwaka 1980 na kuhitimu mwaka 1982.

Tarehe 1 Septemba 1982 aliajiriwa serikalini, Dar es Salaam, akiwa mchora ramani, akaifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na minane, kwanza kwa kalamu na karatasi, baadaye kwa kompyuta, akistaafu mwezi Machi 2021 bila barua hata moja ya onyo kwenye faili lake, na naomba jambo hili mlishike, kwa sababu huko mbele kuna kijana mmoja atamwambia kwamba haelewi ramani.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mwalimu Eliya Mhagama, wakaishi Kisarawe kuanzia mwaka 1988, kwa kuwa shemeji alikuwa akifundisha shule moja ya huko, wakajaliwa watoto wawili, Recho, aliyezaliwa mwaka 1989, na Wilfred, aliyezaliwa mwaka 1993 na kupewa jina la babu yake, kisha mwaka 1999 wakahamia hapa Kongowe, Kibaha, kwenye nyumba hii mnayoiona, wakati huo majirani walikuwa wanne na usiku fisi walisikika, na hapa ndipo shemeji Eliya alipofariki mwaka 2014.

Mwezi Agosti 2021, dada akiwa na miezi mitano tu ya kustaafu, tulitangaziwa kwamba mji unakua, kwamba utatengenezwa mpango wa usafiri wa miaka ishirini, na kwamba safari hii wananchi watashirikishwa tangu mwanzo hadi mwisho, ukaitishwa mkutano wa mtaa, akatakiwa mtu mmoja wa kuwakilisha wakazi, na mkutano ukamchagua dada, Mama Recho, kwa sauti moja, naye akarudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake tangu amzike mumewe.

Kazi aliifanya kwa namna yake. Aliona kwamba kwenye mikutano ya ukumbini wanasema wanaume watatu walewale, kwa hiyo kuanzia Januari hadi Juni 2022 alizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi kubwa aliyoichora mwenyewe, anaitandaza kwenye mkeka, anakaa chini na wenyeji wake, na hakuwauliza watu wanataka nini, aliwauliza, "Jana ulipita wapi?" Mama mjamzito akamwonyesha alivyozunguka kwenda kliniki, wanafunzi wakamwonyesha wanapokatiza, muuza mkaa akamwonyesha kilima anachoshukia na baiskeli, naye akachora kila njia, akaandika jina la mwenye njia pembeni, na alipogundua kwamba mpango ulikuwa unaishia kwenye mpaka wa wilaya, ilhali wagonjwa wa vijiji vya upande wa pili huletwa Kibaha, alivuka hadi Kisarawe bila kutumwa na mtu, akamtafuta mzee Hashiru Mfaume, mkulima wa mihogo, ambaye yupo hapa leo, wakazunguka vijiji vile kwa miguu, yeye na karatasi, mzee na fimbo.

Watu waliomba mambo matatu, nayo yameandikwa kwa mwandiko wake, kwamba barabara mpya ya kwenda Kisarawe iwe na njia ya waenda kwa miguu pande zote mbili, kwamba pawepo kivuko chenye zebra na matuta pale kisimani, mahali ambapo kila kaya ya upande wa chini inavuka, na kwamba liwepo basi la asubuhi la kuwaleta watu wa Kisarawe kliniki. Mambo matatu tu. Aliyepiga kelele zaidi juu ya kivuko alikuwa jirani yetu Sada Maulidi, muuza maandazi, Mungu amrehemu, aliyesimama kwenye mkutano wa mwisho, tarehe 18 Juni 2022, akasema mbele ya wataalamu, "Mkitujengea lami bila kivuko, mtatuua, mimi navuka pale mara sita kwa siku," watu wakacheka, mtaalamu akasema limechukuliwa, tukapewa soda na biskuti, karatasi ikapitishwa, watu mia mbili na kumi na watatu tukaweka saini, na mimi Bernard nilikuwa mmoja wao, sikusoma hata kichwa cha karatasi.

Barabara ilianza kujengwa mwaka 2023 ikakamilika Juni 2024, pana, nyeusi, imenyooka mpaka kwenye viwanja vilivyokuwa vinapimwa na watu ambao kwenye mikutano yetu hatukuwaona hata siku moja, njia ya miguu haikuwepo, badala yake kulikuwa na mtaro wa zege unaomfika mtu kifuani, basi halikuja, na pale kisimani hapakuwa na zebra wala tuta. Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sada Maulidi aligongwa na lori akiwa anavuka na beseni lake kichwani, akafa palepale, na dada yangu ndiye aliyemfunika kwa kanga aliyokuwa amejifunga.

Wiki moja baadaye dada alinunua ndoo mbili za rangi nyeupe, akapima ile barabara kwa futi na kamba kama alivyofundishwa Tabora, akawapanga majirani wengine wasimamishe magari, akachora zebra pale kisimani, mistari imenyooka hujaona, na kwa siku tatu magari yalisimama na watoto wakavuka. Siku ya nne yakaja magari mawili na mafundi tisa, wakaipaka rangi nyeusi, wakasema ni alama isiyo halali. Kivuko tulikiomba tukangoja zaidi ya miaka miwili, kukifuta zilitosha siku nne. Mafundi, mashine, mafuta ya gari, vyote vilipatikana.

Hapo ndipo alipokwenda kwenye ofisi iliyousimamia mpango, ofisi ambayo familia imekubaliana tusiitaje jina, wenyewe wapo na wanajijua, akaomba kuuona mpango uliopitishwa, akazungushwa siku kumi na moja, na alipopewa alikuta picha yake kwenye jalada, amekaa mkekani na karatasi yake, ndani hamna njia hata moja kati ya zile alizozichora, na mwishoni zimeunganishwa kurasa za saini zetu, ila kichwa kilichokuwa kimeandikwa "Mahudhurio" kimebadilika, kimeandikwa "Wananchi Walioridhia Mpango." Nilikuwa nimemsindikiza, nilisikia kwa masikio yangu. Yule kijana wa mezani akamwambia, "Mama, hizo ni saini za mahudhurio tu, usijali." Dada akasema, "Kama ni za mahudhurio, nani ameandika kuridhia juu ya jina langu?" Kijana akajibu, "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu, ramani hizi huwezi kuzielewa." Dada alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamwonyesha kwenye ramani yao sehemu mbili ambazo kipimo kilikuwa kimekosewa, tukaondoka.

Njiani nilimwambia aache, nilimwambia ameshazeeka, Sada hatarudi, watu wale watamkorofishia hata pensheni yake, akanitazama akasema, "Bernard, jina lako nalo limo." Sikwenda naye tena. Hilo nalisema hapa hadharani kwa sababu hasira niliyonayo leo si ya watu wa ofisini peke yao, nyingine ni yangu.

Kuanzia Oktoba 2024 hadi Januari 2025 yeye na mzee Hashiru walizirudia zile nyumba zote wakiwa na nakala ya saini, anamwomba kila mtu msamaha kwanza, kwamba yeye ndiye aliyewaita wakasaini, kisha anamtaka aandike mwenyewe kama aliridhia au hakuridhia, wakawapata watu mia moja tisini na sita kati ya wale mia mbili na kumi na watatu, tisa wakaandika waliridhia, sita wakaogopa kuandika, na mia moja themanini na mmoja wakaandika hawakuridhia, na tarehe 30 Januari 2025 akaziwasilisha zote, akagongewa muhuri wa kupokelewa, na mpaka leo hii ninaposimama hapa hakuna jibu, hata la mstari mmoja.

Mwezi Februari 2025 alianza kuumwa tumbo na mgongo, akapungua mwili, akapelekwa hospitali, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, madaktari walituambia ukweli kwa upole na bila kuficha, naye akachagua kurudi nyumbani, akauguzwa na Recho, na mwezi Julai, akiwa hawezi tena kukaa, ikaletwa barua kutoka ofisi ileile, tukadhani ndilo jibu, Recho akamsomea, kumbe ni mwaliko wa kwenda kupokea cheti cha mshiriki bora wa jamii. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Waandikie kwamba sikushirikishwa, nilihudhurishwa." Recho aliandika hivyohivyo, akapeleka.

Marehemu Stellamaris Kapinga alifariki dunia nyumbani hapa, Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi mitano na siku tano, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi na ndugu zetu wawili tuliobaki.

Asubuhi hii tumeletewa salamu za rambirambi zinazomwita Mama wa Mpango, tukaombwa tuzisome. Hatutazisoma. Familia imeniagiza niseme kwamba Stellamaris Kapinga hakuwa mama wa mpango ule, hakuuridhia, na jina lake litolewe pale lilipowekwa, na kwa kuwa Jumatano ya tarehe 3 Septemba kuna kikao cha kuupitia mpango huo, mzee Hashiru ataingia na karatasi zote za marehemu, Recho ataingia, mimi nitaingia, na safari hii nitasoma kichwa kabla sijashika kalamu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, na yule muuguzi aliyekuwa akija kumchoma sindano za maumivu siku zake za mapumziko, tunamshukuru Padre na jumuiya ndogo ndogo, tunawashukuru wachora ramani wenzake waliokuja kutoka Dar es Salaam, wamesimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha, tunawashukuru majirani, Wakristo na Waislamu, na kwa namna ya pekee wanawe marehemu Sada, ambao tangu Jumanne ndio wanaowapikia waombolezaji kwenye msiba huu. Ile ofisi sitaishukuru. Shada lao la maua tumelihifadhi vizuri kibarazani, halijakanyagwa, wakiwa wanaondoka tunawaomba walichukue, na njiani watapita pale kisimani, wasimamishe gari, watu wanavuka.

Dada, umelala. Upate huko amani ambayo huku tulikunyima.