Difu Iliyofika Webuye Bila Kutoka Kabiro

Benchi la Musimbi muuza kahawa pale Kabiro, Kawangware, ni ubao wa lori uliolazwa juu ya rimu mbili, na hubeba watu watatu wakubaliane wasikubaliane. Kushoto hukaa Murunga, aitwaye Profesa kwa kuwa alifagia maabara ya chuo kikuu miaka miwili na hakuna siku aliyofagia kimya kimya. Katikati ni Omolo, jina la kijiweni Malaba: alikuwa taniboi, utingo wa malori, akafika mpakani mara arobaini na hakuvuka hata moja. Kulia ni Osewe, aitwaye Taarifa, mwenye redio isiyo na betri. Wa nne ni Boaz fundi, lakini Ijumaa hiyo ya mwaka wa tisini na sita Boaz hakuwa na nafasi ya kukaa. Alisimama kando ya Datsun nyekundu ya mashindano, yenye namba 14 mlangoni, ambayo magurudumu yake ya nyuma yalikuwa yameinuliwa juu ya mawe na yakizunguka hewani tangu jana asubuhi.

Mwenye gari, dereva wa rali aitwaye Ephantus, alikuwa amempa Boaz difu mpya aifunge. Difu ni lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ndilo huyapa magurudumu nguvu. Kabla ya kwenda Mombasa alimwachia agizo moja: kilomita mia tano za pole pole, ipate joto, ipumzike ipoe, ipate joto tena, mpaka meno ya gia yazoeane. Ikishika kwenye mbio za Jumapili, Boaz angepanda gari la mafundi msimu mzima. Ikilia, angerudi kuziba sufuria na stovu, kazi aliyoifanya miaka sita na haikuwahi kumpeleka mahali zaidi ya kwa mwenye sufuria.

Bima ya Datsun ilikuwa imeisha, na makarao wa trafiki walikuwa barabara kubwa. Boaz alikusudia kuizungusha vichochoroni, nusu kilomita kila mzunguko, mara elfu moja. Benchi likamhurumia. Profesa ndiye aliyegundua kwamba gari likiinuliwa na kutiwa gia, kihesabu kilomita hakijui tofauti. Tofali likawekwa juu ya pedeli ya mafuta. Malaba, kwa kuwa ndiye aliyeijua njia ya mpakani, akawa anatangaza vituo kwa kufuata kihesabu.

— Mia tatu na kumi, Boaz alisoma.

— Eldoret, alisema Malaba. Baridi ya hapa si mchezo. Zima ipumzike.

Boaz alizima. Akaingiza mkono chini, akagusa tumbo la difu. Vuguvugu tu. Hilo lilimfurahisha, na pia likamsumbua kidogo, kama mtoto aliyetulia kupita kiasi.

— Manze, haijashika moto hata kidogo, alisema.

— Hiyo ni adabu, alisema Profesa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sasa hii haiendi kabisa. Itajikwaa na nini?

— Lakini Ephantus alisema ipate joto.

— Ephantus ni dereva, bana. Dereva anajua mbele. Nyuma ya gari ni ya fundi.

Musimbi alimimina kahawa raundi ya tatu. Alikuwa amesikia mengi kwa bei ya kikombe kimoja.

— Hizo gia, Profesa aliendelea, ni kama bibi na bwana waliooana kwa barua. Hawajaonana. Ndio unawapeleka safari kwanza.

— Na wakikosana njiani? aliuliza Taarifa.

— Ndio hiyo kelele unaskianga kwa Datsun za watu.

— Mimi nilisikia kwa redio, alisema Taarifa, difu iko na kumbukumbu.

— Redio gani? Hiyo?

— Nilisikia kabla betri iishe. Barabara ya kwanza unaifunza, hiyo ndio inapenda mpaka kifo. Difu imezoea lami ya Olympic, ingiza hiyo kwa matope ya Mashimoni uone. Inasimama tu inakuangalia.

— Na hii yangu mnaifunza barabara gani? aliuliza Boaz.

— Hewa. Jumapili jamaa akiruka tuta, huko juu itajiskia nyumbani.

Boaz alilifikiria hilo, akajikuta amelipenda. Ephantus alikuwa mtu wa kuruka sana. Akarudisha tofali, magurudumu yakaanza tena.

— Mnapoteza muda na barabara, alisema Malaba. Shida ni masaa. Difu imetoka Japani. Saa hizi kule watu wamelala. Hiyo kitu inasinzia.

— Kwa hivyo?

— Ingojwe siku saba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wa ndege ni saba.

— Buda, wewe ulipanda ndege lini?

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Hakuna aliyejua jibu hilo lilijibu nini, ila lilifunga mjadala. Wakanywa. Kihesabu kikafika mia tatu themanini.

— Webuye, alisema Malaba, akaishusha sauti kwa heshima, maana mama yake Boaz anaishi huko. Salimia mathee.

Boaz alijikuta ameinua mkono.

Hapo ndipo Filister alipotokea, mwuza omena kutoka Mashimoni, karai kichwani na stovu ya mafuta ya taa mkononi. Pale kijiweni hakumjua mtu.

— Sasa. Fundi wa stovu ni nani?

— Ni huyo, lakini yuko safarini, alisema Taarifa.

Filister aliyatazama magurudumu yakizunguka.

— Anaenda wapi?

— Malaba. Tunazoesha difu.

— Mnaizoesha kufanya nini?

— Kuvuta gari, alisema Profesa, kwa upole wa mwalimu.

Filister aligeuza shingo taratibu, karai lisimwagike, akayatazama yale mawe.

— Na ikiwa hapo juu, inavuta nini?

Profesa alifungua mdomo, akaujaza kahawa. Taarifa alikaza kitufe cha redio. Malaba alitazama upande wa mpakani. Boaz akakumbuka lile tumbo vuguvugu. Magurudumu yalikuwa yakizunguka vizuri sana, bila kuvuta hata unyasi, na Ephantus alikuwa anafika kesho saa sita.

Akatoa tofali. Akaweka jeki, akaondoa mawe, akalishusha gari chini.

— Pandeni, alisema.

— Nani?

— Nyinyi. Nataka kilo zenu.

— Huko nyuma hakuna viti, msee.

— Ndio maana kuna nafasi.

Waliketi juu ya bati tupu, watatu, magoti mdomoni. Filister, aliyejua kwamba fundi akiondoka na gari harudi siku hiyo, alipanda mbele na karai lake mapajani. Datsun ikaingia kichochoroni kwa mwendo wa maiti. Mwenye mkokoteni wa maji aliwapita, akawauliza kama wanataka kusukumwa.

Boaz alitega sikio. Chini ya Profesa, difu ilianza kulia sauti nyembamba, ikapanda, ikashuka, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kutaja jina lake.

— Inapata moto, alisema Profesa. Naiskia.

— Poa. Ikianza kukuchoma, sema tuipumzishe.

— Na Ephantus akikuja kesho? aliuliza Malaba.

— Nitamwambia kilomita za ukweli ni ngapi.

Walipomaliza mzunguko wa kwanza na kulipita benchi, Musimbi alikuwa ameshaosha vikombe.

— Tumebakisha ngapi? aliuliza Taarifa.

Boaz alikitazama kihesabu, akapiga hesabu yake upya kichwani.

— Mia nne tisini na tisa na nusu.