Kamshafti ya Mauwa

Kwenye bajaji ya kwenda Kunduchi nilikaa katikati ya watu wawili wasiojuana. Dada mmoja, Mauwa, alikuwa akimpelekea fundi kamshafti mpya, kile chuma cha ndani ya injini kinachofungua valvu, aifunge kwenye pikipiki yake Mauwa. Wa pili, Mzee Erasmus, fundi mstaafu, akaomba kuiona.

“Dukani mjini wameniambia nikifunga hii, pikipiki itapaa. Kweli, baba?”

“Umebadilisha kitu kingine kwenye injini?”

“Hamna, iko vilevile ilivyotoka kiwandani.”

“Unabeba nini?”

“Samaki, ndoo mbili mpaka Segerea. Kwenye mlima inakata pumzi.”

Mzee akapitisha kidole kwenye vinundu vinavyosukuma valvu. “Hivi ni virefu mno. Nguvu itakuja ukishashika kasi, ila mlimani na mzigo utalia. Kairudishe, uchukue yenye vinundu vya wastani.”

Mie nisiye na hata baiskeli nilishainama kuvitazama.

Mauwa akaipokea kamshafti. “Na ikishashika kasi, baba, inakuwaje?”

Uso wa mzee ukachangamka. “Hapo sikudanganyi, mwanangu. Unasahau hata samaki.”

Bajaji ikasimama. Mauwa akashuka na kamshafti yake, akabaki kando ya barabara, akiangalia gereji ya fundi wake upande huu na magari ya kurudi mjini upande wa pili.